Mshonaji Aliyekataa Kusamehe

Kwa watu fulani wa mtaa wetu, pale Kalemie kando ya ziwa, Mshonaji alikuwa na salamu moja tu. Wakimwambia "Jambo, Mama," aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akatabasamu kwa adabu, akawajibu, "Mauwa anawasalimia." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Mauwa alikuwa amekufa. Walijua hivyo, naye alijua kwamba wanajua. Nimewaona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakizunguka nyuma ya stesheni ya treni na kukanyaga matope ili tu wasipite mbele ya baraza lake.

Mimi nilimsalimia nikajibiwa kama watu wote wanavyojibiwa. Nilikuwa jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi. Kati ya nyumba yake na yangu palikuwa na ukuta wa matofali mabichi, mfupi kiasi kwamba tulipeana chumvi juu yake bila kuinuka sana. Niliishi karibu naye miaka mingi sana na sikumwona akisamehe jambo hili la Mauwa hata mara moja. Wamama wa parokia waliwahi kuniomba nizungumze naye, nimlainishe. Sikumlainisha. Niliona ana haki, na mpaka leo naona hivyo.

Mtu asidhani alikuwa mwenye uso wa kukunja. Alikuwa mcheshi. Aliweza kucheka huku pini zimebanwa midomoni asimeze hata moja. Watoto wa mtaa mzima walifanya wanasesere kwa vipande vya vitenge alivyowagawia, na wakigombana aliwaita wote, akakata kitambaa kizuri cha mteja fulani asiyelipa kwa adabu, akawagawia sawasawa. Akiona pindo limekaa upande sokoni, alimsimamisha hata mtu asiyemjua, akapiga goti palepale kati ya mafungu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kulinyoosha. Hakuwahi kuinua mkono juu ya mtoto. Kanisani alikuwa na sauti nzuri, ila katika Baba Yetu, tulipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza, akaangalia mbele, akaendelea na sisi baada ya hapo. Nilimwuliza siku moja kwa nini anafanya hivyo. Akaniambia, "Siwezi kumudanganya Mungu mbele ya watu."

Mauwa hakuwa mtoto wa tumbo lake. Mshonaji aliolewa na mtu wa bandarini, mwendesha winchi mwenye maneno machache, mgane, aliyekuwa na kitoto kisichojua hata kutambaa. Mama mzazi alikuwa amekufa kwa homa. Mshonaji mwenyewe hakuwahi kuzaa, na hilo watu walilishika wakaliweka mahali, wakisubiri siku ya kulitumia. Mtoto akakulia chini ya cherehani. Kitanda chake cha mchana kilikuwa kapu la vipande vya nguo. Alijifunza kusema "pindo" kabla ya kusema "maji." Kama Mshonaji alikwenda sokoni bila yeye, Mauwa alikaa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akamngoja kama mteja aliyecheleweshewa nguo.

Alipokuwa na miaka minne, magauni yake yakaanza kubana tumboni na kulegea mabegani kwa wakati mmoja. Mshonaji aliyaachia kiunoni, baadaye akaona mikono ya mtoto inazidi kuwa myembamba, akampeleka dispensari. Wakampa dawa ya minyoo. Homa ikaja, wakampa dawa ya malaria. Kisha Mauwa akakataa kutembea. Alisema mguu unamuuma, kesho yake ukawa mguu mwingine. Alilia akibebwa na alilia akiwekwa chini. Usoni alikuwa mweupe kama mtu asiye na damu. Mwishowe macho yakabadilika. Kuzunguka macho yote mawili kukatokea weusi wa zambarau, kama wa mtu aliyepigwa ngumi mara mbili na mtu mwenye hasira.

Hapo ndipo anaingia shangazi yake Mauwa, dada wa mwendesha winchi. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya ya wamama, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezoea kuinua mkono watu wakaanza kuimba. Alikuja Jumapili moja baada ya misa na wenzake wa kwaya, wote katika sare, kumtazama mtoto. Alimtazama mara moja tu. Akamchukua mpaka katikati ya kiwanja cha nyumba, akamvua gauni mbele ya watu wote na mlango wa barabarani wazi, akitafuta alama nyingine. Alama zilikuwapo. Mgongoni na mapajani palikuwa na mabaka, maana mwili wa mtoto ulikuwa umeanza kuvilia damu kwa kuguswa tu.

"Tazameni," akawaambia wale wamama. "Tazameni vile mama wa kambo anafanya mutoto wa kaka yangu."

Mshonaji alikuwa amesimama na mkasi mkononi, kwa sababu walimkuta akikata nguo. Baadaye ilisemwa kwamba alitaka kuwachoma nao. Niliruka ukuta nikawaambia kwamba ninaishi karibu na huyu mama na sijasikia mtoto akipigwa hata siku moja. Shangazi akanijibu kwamba jirani husikia anachotaka kusikia. Mwendesha winchi alikuwapo pia. Aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja akaenda kumwita shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, mtu wa kofia na fimbo aliyependa mambo yaishe haraka. Naye aliyamaliza haraka. Alimpeleka Mshonaji kasho, kile chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi yake, na mtoto akakabidhiwa kwa shangazi.

Kasho ile haina dirisha. Nilimpelekea bukari na sombe, ugali na kisamvu, kila siku baada ya masomo, na swali lake la kwanza lilikuwa kama Mauwa amekula. Nilikuwa nikipita kwanza nyumbani kwa shangazi ili niwe na jibu. Sikumficha kitu, kwa sababu alinikataza kumficha. Nilimwambia kwamba mtoto anasuguliwa mafuta ya majani, kwamba wamempeleka chumba cha maombi wakamlaza juu ya mkeka, kwamba hali chakula vizuri. Nilimwambia pia kwamba anamwita. Mauwa alimwita tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka, na wale wamama walimjibu kwamba mama mbaya amekwenda, asilie tena, mama mzuri ni huyu aliye hapa.

Mshonaji alisikia hayo huku ameshika bakuli. Hakulia. Aliniomba nirudie nani hasa aliyasema, jina moja baada ya jingine, na nikamrudia.

Ikapita zaidi ya wiki. Jicho moja la mtoto likaanza kutoka nje, na hapo mwendesha winchi akaacha kuangalia viatu vyake. Alimnyanyua binti yake kutoka mikononi mwa dada yake bila kusema neno, akampeleka hospitali. Daktari pale alikuwa mwanamke kijana ambaye siku nyingine alitibu watu wa kambi ya wakimbizi. Alimgusa Mauwa tumboni, upande mmoja, mahali palipokuwa pagumu kama jiwe, akauliza mama yake yuko wapi. Alipoambiwa, alivua koti jeupe, akatembea kwa miguu mpaka kwa shefu wa kartye.

Nilikuwa pale na bakuli langu. Alimwambia shefu, bila kupandisha sauti, kwamba macho yale yameletwa na ugonjwa, kwamba hakuna mkono wa mtu uliofanya vile, na kwamba anamfunga mtu ambaye mgonjwa anamhitaji. Shefu akatoa ufunguo. Mshonaji akatoka, akajifuta vumbi, akaenda hospitali. Hakuna aliyemwambia pole. Si shefu, si shangazi, si wale wamama waliokuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi. Jambo hili alilisisitiza kila mara alipolisimulia. Kosa watu wanaweza kulifanya, alisema, lakini wale walikuwa na siku ile nzima ya kusema neno moja fupi, na hawakulisema.

Walimpeleka Mauwa Lubumbashi kwa ndege. Sikuwa nao. Ninayoyajua ya huko aliniambia yeye juu ya ukuta wetu, kidogo kidogo, kwa miaka. Kulikuwa na daktari mzee wa watoto aliyesema polepole na kurudia mpaka umeelewa. Aliwaeleza kwamba ni kansa ya watoto wadogo, inayoanza katika chembe za mishipa ya fahamu ambazo hazijakomaa, mara nyingi kwenye tezi iliyo juu ya figo. Alisema ugonjwa huu una tabia ngeni, kwa sababu jina ni moja lakini mwisho haufanani. Kitu cha kwanza ni umri. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja na nusu ana bahati kubwa, na kuna vitoto vichanga ambavyo uvimbe wavyo hunywea na kuisha wenyewe bila mtu kuelewa vizuri kwa nini. Kitu kingine ni umbali ambao ugonjwa umekwisha kwenda. Ukikaa mahali pamoja, mpasuaji anaweza kuutoa. Ukiingia katika mifupa na uboho, kazi inakuwa ngumu mno. Na mwisho kuna ukali wa chembe zenyewe. Nyingine ni pole, nyingine zinakimbia, na kuzijua vizuri kunahitaji vipimo ambavyo hata pale Lubumbashi hawakuwa navyo vyote.

Mauwa alikuwa na miaka minne. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa ya fuvu, na damu iliyokusanyika nyuma ya macho ndiyo iliyoleta ule weusi.

Mshonaji akamwuliza daktari swali alilolibeba tangu Kalemie. Kama wangekuja ile wiki aliyokuwa kasho, ingekuwaje? Mzee alifikiri kabla ya kujibu. Akamwambia kwamba macho yalipokuwa meusi, ugonjwa ulikuwa tayari umefika mbali, na kwa maoni yake wiki moja isingebadilisha mwisho. Ingempunguzia mtoto maumivu, hilo ndilo angeweza kusema kwa hakika.

Alimpenda yule daktari kwa sababu hakumdanganya. Na kwa sababu hiyo chuki yake ilikuwa na mpaka ulionyooka kama mshono wake. Baadaye watu waliotaka kumfurahisha walimwambia kwamba wale wamama wamemuua binti yake. Aliwasahihisha palepale.

"Hawakumuua," alisema. "Ugonjwa njo ulimuua. Wao walimunyima mama yake wakati anaumwa. Hiyo njo siwasamehe."

Mauwa alipata dawa za kansa kwa miezi kadhaa. Nywele zikaanguka, Mshonaji akamshonea kofia za rangi zote, mpaka wauguzi wakaagiza na za watoto wengine. Maumivu yalipungua. Kuna kipindi alitembea tena, akashuka kitandani kwenda kuona cherehani iliyokuwa kwenye kona ya hospitali. Kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na yule mzee akawaambia wampeleke nyumbani. Alikufa wakati wa kiangazi, asubuhi, barazani, upepo wa ziwa ukivuma na mama yake amemshika. Nilikuwa upande wangu wa ukuta naanika nguo. Niliona Mshonaji anaacha kumpepea.

Kwaya ya wamama ilikuja matangani kuimba. Mshonaji akasimama mlangoni, akawaambia kwa upole kwamba wanaweza kuimbia barabarani. Wakaimbia barabarani, kwenye jua, na watu waliokuwa ndani waliwasikia vizuri.

Baada ya hapo akaanza. Hakupiga mtu wala kumloga mtu, na hakutukana. Mwaka uliofuata parokia ilikuwa na sikukuu kubwa, na kwaya ilitaka sare mpya. Hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyeweza kushona mikono ya kupanda, inayovimba mabegani, kama alivyoishona yeye, na wamama wale walijua. Wakamtuma mtu mwingine ampelekee kitambaa. Mshonaji alikipokea vizuri, akatuma jibu kwamba kila mwenye nguo aje mwenyewe apimwe. Wakasita, sikukuu ikakaribia, wakaja. Walimkuta ameweka kiti cha kupimia katikati ya kiwanja. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi.

Mmoja aliomba aufunge.

"Uache wazi," Mshonaji akasema. "Vua, Mama."

Alipima kila mmoja bila haraka, anayepimwa amebaki na shimizi tu, wapita njia wakitazama na wauza ndagala wakisimama. Alirudia vipimo. Wa mwisho alikuwa shangazi. Huyo alimpima mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alikumbuka alisimama wapi siku ile mtoto alipovuliwa. Sare zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Aliwaambia wazi kwamba hawezi kushona vibaya, hata kwa mtu anayemchukia.

Kwa shefu wa kartye alitumia njia nyingine. Kila shefu alipoitisha mkutano wa mtaa, wa usafi au wa maji au wa wezi, Mshonaji alikaa mbele, akasikiliza yote, akachanga mawazo mazuri. Ulipofika wakati wa maswali, aliinua mkono, akasimama, akauliza kwa sauti ya kawaida alifungwa kwa kosa gani. Shefu alijaribu kujibu, akajaribu kucheka, akajaribu kumruka. Mkutano uliofuata aliuliza tena. Mwishowe shefu akaacha kuitisha mikutano upande wetu, na tukachimba mifereji yetu bila yeye.

Mumewe hakumwacha. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia kwamba kumwacha kungekuwa kumpumzisha. Walikaa nyumba moja, walizungumza, nimewasikia hata wakicheka. Lakini kila Siku ya Marehemu walikwenda makaburini pamoja, yeye amebeba kigoda na mumewe amebeba jembe. Alikaa akimwangalia anapalilia kaburi peke yake, polepole, mpaka pamekuwa safi. Hakumsaidia kung'oa hata jani moja. Mwendesha winchi hakuwahi kulalamika. Nafikiri ndiyo ilikuwa nafuu yake pia.

Miaka ikapita. Binti wa shangazi, ambaye wakati wa Mauwa alikuwa bado msichana wa shule na hakuwa na neno katika mambo yale, akaolewa na mtu aliyekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya madini ya Manono, akazaa mtoto wa kiume. Akamwita Jeremi. Alikuja na kitoto hicho kwa Mshonaji kutaka kanzu ya ubatizo, na Mshonaji alimpokea, kwa sababu hakuwa na ugomvi naye. Alimlaza Jeremi mezani, akampitisha futi kifuani, akashuka tumboni. Mkono ukasimama chini ya mbavu. Akabonyeza kidogo upande huu, akabonyeza upande wa pili. Akamwuliza yule binti tumbo hili limekuwa hivi tangu lini. Binti alidhani ni unono. Mshonaji akafunika cherehani na kuwapeleka hospitali mchana uleule, hata futi hakuitoa shingoni.

Yule daktari mwanamke alikuwa bado yupo. Picha ya ekografi, ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo, ilionyesha uvimbe juu ya figo, mahali pamoja tu. Daktari alisema lazima waende Lubumbashi upesi, na akasema pia kwamba mtoto bado ni mdogo sana, na katika ugonjwa huu udogo ni bahati.

Binti akarudi nyumbani kwa mama yake na habari hiyo. Shangazi akakataa. Alisema hakuna mtu atakayepasua kichanga cha nyumba yake, kwamba Mauwa naye alipelekwa hukohuko Lubumbashi na akarudi kufa. Wangefunga na kuomba, na yule mwanamke aliyemsugua Mauwa mafuta ya majani angeitwa. Binti alimwogopa mama yake tangu utoto, mumewe alikuwa mbali, akatii, akaja tu kumwambia Mshonaji kwamba hawataondoka.

Kesho yake jioni Mshonaji aliegemea ukuta wetu. Alikuwa na uso mtulivu.

"Mama Mwalimu," akaniambia, "leo kutwa nzima nilikaa na wazo moja. Nikinyamaza tu, wifi yangu ataona. Atajua vile inauma. Ilikuwa tamu kama asali."

Nikamwuliza sasa amekata shauri gani.

"Mutoto hakunifanya kitu," akasema. "Na tena kuna njia nzuri zaidi."

Asubuhi alivaa vizuri, akamchukua daktari, wakaenda kwa shefu wa kartye. Nilikwenda nao, ilikuwa likizo. Shefu alipomwona akaanza kutafuta kofia yake. Mshonaji akaketi bila kukaribishwa. Akamwambia kwamba kuna mwanamke katika mtaa huu anayemdhuru mtoto kwa kumzuilia matibabu.

"Mimi ulinifunga bila muganga," akasema. "Leo nimekuletea muganga. Mwulize."

Shefu akamwuliza daktari, daktari akaeleza kwa maneno machache. Nadhani shefu alifikiria mikutano yote ile. Akamtuma mtu kumwita shangazi. Alikuja akifoka, ananyoosha kidole, akitaja cheo chake kanisani. Shefu akachukua ufunguo na kumfungia kasho, chumba kilekile.

Mwendesha winchi alikuwa amezungumza na watu wake wa bandarini, na nafasi mbili zikapatikana kwenye ndege ya mizigo. Tulimsindikiza binti na Jeremi uwanjani. Mshonaji akamshikilia binti mkono mpaka kwenye ngazi. Ndege iliporuka, nilidhani tutarudi moja kwa moja kwa shefu. Mshonaji akapita sokoni. Alichagua ndagala kwa makini, fungu baada ya fungu, akarudi nyumbani, akapika, akanikaribisha, tukala. Aliosha sahani. Akakaa kidogo barazani kupunga upepo. Ndipo akasema twende tukamfungulie wifi yake.

Shangazi alitoka na vumbi kwenye kitenge chake kizuri, hana kilemba. Alikuwa ameita sana, sauti imekwisha. Mshonaji akasimama mbele yake.

"Wifi, mujukuu wako ameondoka," akamwambia. "Alilia kidogo, mama yake akamunyonyesha, akalala. Nakuambia sababu mimi hakuna aliyekuwa ananiambia, isipokuwa huyu jirani."

Jeremi alipasuliwa Lubumbashi. Yule daktari mzee alikuwa bado hai, na aliwaambia kwamba kwa umri ule, na uvimbe ukiwa mahali pamoja, kuutoa kunatosha. Hakupewa hata zile dawa kali zilizoangusha nywele za Mauwa. Alirudi mnene, ana kovu refu tumboni. Shangazi akaja na kuku na kwaya yake kumshukuru Mshonaji, akapiga magoti kiwanjani, akaomba msamaha kwa machozi mbele ya watu wote. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mshonaji akaitikia kwamba kuku amempokea. Kuhusu lile jingine akasema hapana, akawaaga.

Walipoondoka, ndipo nilipomwona akilia, mara ya pekee. Alilia kwa hasira, anapiga meza kwa kiganja. Alisema ni ugonjwa uleule, jina lilelile, pale pale juu ya figo, na huyu amepona kwa sababu ya miezi tu.

"Basi kosa la Mauwa lilikuwa kuishi miaka minne," akasema.

Kwa jambo hilo hapakuwa na mkosaji wa kumpima nguo na kumwachia mlango wazi. Nadhani ndiyo maana hakuwaachilia wale aliowapata.

Kisha nikahamishiwa Zongwe, mbali kando ya ziwa, kufundisha, nikakaa huko mpaka mwili ukaanza kuchoka. Habari za Kalemie nililetewa na watu wa mitumbwi, na nyingi zilikuwa vifo. Mwendesha winchi alikufa. Shefu wa kartye alikufa. Mwaka jana nilipanda mashua kuja mjini kwa shughuli za pensheni, nikaenda mtaa wetu wa zamani kabla hata ya kutafuta pa kulala.

Nilimkuta barazani, vidole vimevimba, macho hayaoni uzi tena. Tulishikana mikono muda mrefu. Nilipoingia ndani kuweka mzigo, nikaona kitanda dirishani na mtu juu yake. Nilichukua muda kumtambua, jinsi alivyopungua. Alikuwa shangazi. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa na ulimi pia. Mshonaji akanieleza kwamba binti na Jeremi walimfuata baba Manono, kwamba kijana anasoma na hana tatizo lolote, na kwamba mama huyu alipopatwa na kiharusi ndugu wote walikuwa na sababu za kutomchukua. Wenzake wa kwaya walikuja mara mbili. Basi yeye akamlipa mtu wa mkokoteni akamleta hapa.

Hakuwa na wajibu. Mume alikwisha kufa, hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimtazama akitia maji ya moto beseni, akiyajaribu kwa kiwiko, na nikasema lile ambalo mtu yeyote angesema, kwamba basi hatimaye amesamehe.

"Hapana," akasema. "Hata Padri aliniita mutakatifu mbele ya watu, nikamwambia asirudie."

Akamfunua shangazi, akaanza kumwosha. Alimwosha kama mtu anayejua mwili wa binadamu ulivyoungwa, chini ya makwapa, kati ya vidole, nyuma ya magoti ambako ngozi huchubuka kwa wanaolala sana. Ngozi yake haikuwa na kidonda hata kimoja. Shuka lilinukia sabuni.

"Kila asubuhi akifungua macho, mutu wa kwanza anaona ni mimi," akaniambia, akiendelea na kazi. "Ninamulisha vizuri. Ninamugeuza. Hatapata hata sababu moja ya kunichukia, Mama Mwalimu. Atafute kutwa."

Shangazi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mshonaji akamshika kidevu kwa vidole viwili, polepole, akamgeuza mpaka wakatazamana, akamfuta povu kwenye kope kabla halijamwingia.